Muulize Shangazi Shabaha

Mfuko wa barua wiki hii umeletwa na kijana wa mapokezi akiwa ameushika kwa vidole viwili, kwa sababu bahasha moja ina picha ya bastola. Asiogope. Walioandika ni raia wema wenye vyeti, au wanaovitafuta, na wengi wanataka kuingia IPSC, ule mchezo wa kulenga shabaha huku unakimbia, unachungulia dirishani na kubadilisha magazini njiani. Wengi wanauliza jambo moja: ninunue ipi? Shangazi atajibu kama ilivyo desturi yake, kwa mapenzi na bila haya. Wanaotaka silaha ya kumtisha jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba wasiniandikie mimi. Mzee wa mtaa yupo.

*Shangazi mpendwa, Mungu amenifungulia, biashara inakwenda. Nimeamua kuanza IPSC. Nimemwona bingwa kwenye video akitumia bastola yenye kioo juu na matundu mwishoni mwa mtutu. Nataka hiyohiyo, hata rangi isibadilike. Si nitakuwa nimeanzia juu? — Mwenye Uwezo, Karen*

Mwanangu, hongera kwa biashara. Kile kioo kina nukta nyekundu ya kulengea, na yale matundu hutupa gesi juu ili mtutu usiruke. Bastola ya namna hiyo ni ya daraja la Open, ambako karibu kila ujanja unaruhusiwa. Inapendeza, sikatai. Lakini mtu wa wiki ya kwanza akiishika ni sawa na kwenda soko la Wakulima kununua sukuma kwa gari la Safari Rally.

Bastola hizo hurekebishwa kwa mkono, zikazoea risasi za aina moja, na ukizipa nyingine zinanuna na kukwama. Wenzako wa Marekani na Ulaya hujijazia risasi wenyewe nyumbani wakipima baruti kwa mizani. Wewe uko Kenya, ambako risasi hununuliwa kwa cheti na kwa idadi. Siku itakapogoma katikati ya steji, yaani zamu yako moja ya kupiga shabaha, huku saa inahesabu na ofisa wa uwanja amesimama nyuma ya sikio lako, utatamani ungekuwa nyumbani.

Anza na Production. Ni daraja la bastola za kawaida kama zinavyotoka kiwandani, na IPSC ina orodha ya zilizokubaliwa. Hakuna nukta wala matundu, na magazini hujazwa risasi 15 tu unapoanza, hata kama zinaingia 19. Kwa hiyo pesa hazikupi risasi ya ziada. Chukua ya 9mm. Glock 17 ya Austria ni nyepesi, haidai mengi na vipuri vyake vimezagaa. Glock 34 ni dada yake mwenye mtutu mrefu kidogo, ila mtutu huo umezidi kipimo cha Production, kwa hiyo mwache. Ukipenda chuma kizito, ipo familia ya CZ 75 kutoka Uherský Brod huko Ucheki, na Shadow 2 ndiye binti wa familia hiyo anayeposwa na wengi kwenye mashindano. Waitalia nao wana Tanfoglio na Beretta 92. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokuangusha kabla wewe hujajiangusha.

Ukishindwa kuamua, angalia wenzako wa klabuni wanashika nini, ununue hiyo. Siku magazini yako ikivunjika mdomo, kuna mtu wa kukuazima. Siku springi ikilegea, fundi wa silaha anaijua. Na kwa kuwa cheti chako huandikwa silaha kwa silaha, kubadilisha kila mwezi kama simu hutaweza, hata uwe na uwezo kiasi gani.

Kuhusu bingwa wako: Mfaransa Eric Grauffel, mmoja wa waliotwaa ubingwa wa dunia mara nyingi, alitumia Tanfoglio kwa miaka, halafu akahamia CZ. Aliendelea kushinda. Pesa utakazookoa kwa kuacha Open, nunua risasi, na uzimalize uwanjani.

*Bi Shabaha, salaam. Mimi nina .45 aina ya 1911 na sina haja ya ushauri wako, nataka tu uwaambie vijana hawa kwamba 9mm ni ya watoto. Kitu kikipigwa kinapaswa kujua kimepigwa. — Mzee wa Nyali*

Shikamoo, mzee wangu. Nakubali kwamba mchezo huu una damu ya watu wa fikra zako. IPSC ilipoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, na bwana huyo aliipenda .45 kupita kiasi. Kaulimbiu ya chama hadi leo ni usahihi, nguvu na kasi. Nguvu imo, ila hupimwa kwa hesabu. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya 9mm ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inapata 130, na kiwango cha chini ni 125. Basi imepita, imo mchezoni. Ya kwako ya greni 230 ikienda futi 750 inapata 172, inavuka 170 na kuitwa kubwa.

Ukubwa huo unakuletea nini? Ukipiga eneo A la shabaha unapata pointi 5, wewe na mtoto wa 9mm sawasawa. Ukiteleza hadi C unapata 4, yeye 3. Ukiteleza hadi D, wewe 2, yeye 1. Kwa maneno mengine, mzee wangu, .45 inamlipa anayekosea.

Halafu inakuja saa. Pointi hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme steji ni ya risasi 12. Wewe umepiga A sita na C sita, pointi 54, kwa sekunde 9: umepata 6. Binti wa 9mm amepiga A saba na C tano, pointi 50, kwa sekunde 6.25 kwa sababu bastola yake haimrushi mikono: amepata 8. Umemshinda pointi, amekushinda steji. Na 1911 yako katika daraja la Classic inabeba risasi 8 kwa magazini ukihesabiwa nguvu kubwa. Steji ndefu yaweza kudai risasi 32. Utakuwa unabadilisha magazini wakati binti amekwisha kukaa kivulini anakunywa maji.

Lakini njoo nayo. Risasi za .45 ni ghali kuliko za 9mm, ila uzee una haki zake, na bamba la chuma likipigwa na .45 huanguka kwa adabu.

*Shangazi, nisaidie. Tangu mume wangu ajiunge na klabu, kila jioni anasimama chumbani na mkanda juu ya pajama, anachomoa bastola, anailenga kabati, anasema "bipu" mwenyewe. Nguo zangu zimo ndani ya kabati hilo. Sasa anasema atanifundisha na mimi, na ataninunulia kabastola kadogo "ka kike". Nimkubalie? — Mama Watoto, Nakuru*

Mpwa wangu, kwanza pumua. Mumeo hajarogwa. Hayo ni mazoezi bila risasi, na wachezaji wazuri duniani hufanya mengi ya namna hiyo kuliko ya risasi halisi. Kuchomoa, kuona kilengeo, kukandamiza kifyatulio bila mtutu kutikisika, kubadilisha magazini: yote hayo hujifunzwa bila kulipia hata risasi moja. Katika mambo ambayo mwanamume anaweza kufanya jioni, hilo ni la bei nafuu.

Lakini kabati hapana. Mwambie Shangazi amesema hivi. Risasi zote zibaki chumba kingine, zikiwa zimefungiwa. Bastola ifunguliwe na chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, halafu ikaguliwe tena. Ailenge upande wa ukuta wa mawe, ule ambao nyuma yake hakuna mtu anayelala. Watoto wasiwepo. Akimaliza aseme kwa sauti kwamba amemaliza, aifungie papo hapo, na asirudi "mara moja tu ya mwisho". Ajali za mazoezi haya hupenda kumpata aliyekwisha kujaza risasi na kuirudisha kiunoni, halafu akakumbuka kwamba alitaka kujaribu kuchomoa tena. Akigoma kufuata hayo, hamisha nguo zako, na wewe uhame nazo.

Ama hako kabastola ka kike, kataa. Wauzaji na waume wamelipenda sana kosa hili. Bastola ndogo na nyepesi huruka zaidi mkononi, kishikio chake hakitoshi vidole, na vilengeo vyake vimekaribiana hivi kwamba kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye shabaha. Uzito ndio rafiki wa mwanafunzi. Shadow 2 ina zaidi ya kilo moja na robo tupu, na kwa sababu hiyo 9mm ndani yake inasukuma tu kwa upole, wala mkono haushtuki.

Kinachokuhusu wewe ni umbali wa kidole. Ishike bastola (tupu, imekaguliwa) huku ule mwanya kati ya kidole gumba na shahada umepanda juu kabisa nyuma ya kishikio, na mtutu umenyooka na mfupa wa mkono. Sasa, bila kuizungusha, je, ncha ya kidole cha shahada inakaa katikati ya kifyatulio? Ikifika kwa tabu, hiyo si yako. Jihadhari na zile za familia ya CZ 75 ambazo risasi ya kwanza hupigwa nyundo ikiwa chini: kifyatulio kiko mbele zaidi na kizito zaidi, ingawa za baadaye ni rahisi. Glock za kizazi cha nne na kuendelea zina vipande vya nyuma ya kishikio vya kubadilisha, ujaribu kipi kinakutosha. Shika nyingi. Mumeo asichague kwa niaba yako, kwani mkono wake haumo humo.

Na ukianza kumshinda, niandikie. Barua hizo nazipenda.

*Shangazi, niambie kwa kifupi, bastola ipi itanifanya nishinde? — Wa Haraka, Eldoret*

Ile ambayo umeifyatulia risasi nyingi kuliko jirani yako.

*Shikamoo Shangazi. Nina cheti na kabastola kadogo ka kujilinda, 9mm, risasi 8 kwa magazini. Sina pesa ya nyingine mwaka huu. Nisubiri, au niazime ya rafiki? — Mnyonge wa Thika*

Marahaba, mwanangu. Kuazima futa kabisa kichwani. Katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kina jina la mtu na silaha yake, na uhusiano wenu wa utotoni hautajwi popote. Kusubiri nako sikukubali. Njoo na hako kako.

Muulize mwandalizi wa mashindano daraja gani litakapokea. Kama hakamo kwenye orodha ya Production, mtaelewana. Kenya kuna IPSC na pia IDPA, na hii ya pili iliasisiwa mwaka 1996 ikiwafikiria hasa wenye bastola za kubeba kila siku, kwa hiyo huenda ukajisikia nyumbani zaidi huko. Pesa kidogo uliyo nayo itumie hivi: mkanda mgumu usiopinda, ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote na isiyofumba mdomo unapochomoa, vifuko vya magazini, na magazini za ziada. Magazini tatu hazikutoshi kwa risasi 8. Tano ndiyo afadhali. Vizuia masikio na miwani havina mjadala.

Siku ya kwanza usiwaze ushindi. Waza kumaliza bila kutolewa. Utatolewa ukielekeza mtutu nyuma kupita nyuzi 90, ukikimbia na kidole ndani ya kifyatulio, ukiiangusha, au ukiichomoa popote bila amri ya ofisa. Kwenye meza ya usalama unaruhusiwa kuishika bastola, lakini risasi hairuhusiwi kuonekana hapo, hata ile ya mfano isiyo na baruti. Wengi niliowaona wakitolewa walikuwa na bastola nzuri sana.

Utakuwa wa mwisho, au karibu na mwisho, kwa sababu utabadilisha magazini kila ukivuta pumzi. Sawa. Mwisho wa mwaka utakuwa unabadilisha magazini vizuri kuliko wenye risasi 15, na utajua kama kinachokuudhi ni kishikio kifupi, vilengeo, au kifyatulio. Hapo ndipo ukanunue.

Na fika mapema, ukasaidie kubandika karatasi kwenye matundu ya shabaha za wenzako. Katika kazi hiyo kila mtu huilalamikia bastola yake kwa sauti, mfano na toleo, na bei aliyonunulia. Sikiliza, usinunue chochote siku hiyo, hata kama mwenye kulalamika anataka kukuuzia.