Namna ya Kuwataja Watatu kwa Jina la Mmoja

Umefika sura ya pili ya tasnifu, na hoja unayoihitaji imo katika Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu (1999). Tazama jalada. Waandishi ni watatu: Massamba, Kihore na Hokororo. Usitaharuki mapema, muda upo.

Anza kwa kumuuliza msimamizi wako mnafuata mtindo gani wa marejeleo. Atasema APA. Sasa chagua toleo. La sita lilitaka watatu hao watajwe wote mara ya kwanza, kisha iwe "na wenzake". La saba, la mwaka 2019, linataka "na wenzake" tangu mwanzo. Fuata la saba. Msimamizi atakusahihisha kwa la sita, na mtahini wa nje atamsahihisha msimamizi kupitia kwako.

Haya, andika: Massamba na wenzake (1999). Kihore na Hokororo usiwaonee huruma. Wamo kwenye marejeleo, ambako mtahini hufika akitafuta nukta iliyosahaulika. Ataipata.

Ukihamia Fonolojia ya Kiswahili Sanifu (2004), andika tena Massamba na wenzake. Wenzake si wale wale: Hokororo katoka, Msanjila kaingia, Kihore yupo kote kote na bado haonekani. Kinachowatenganisha ni mwaka tu. Ukikosea tarakimu, umemhamisha mtu kutoka sarufi hadi fonolojia bila ridhaa yake.

Waandishi wawili hutajwa wote kila mara, hata ukiwarudia ukurasa mzima. Ndani ya mabano tumia "&", nje tumia "na". Sababu usiiulize.

Kwenye orodha ya marejeleo, waandishi hadi 20 waandikwe wote. Wakizidi hapo, andika 19 wa mwanzo, nukta tatu, kisha wa mwisho kabisa. Mwaka 2015 wanafizikia wa CERN walichapisha makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs: waandishi 5,154, kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina na taasisi zao. Kwa kanuni yako, watu 5,134 wanaenea kwenye nukta tatu. Angalia zisiwe nne.

Mwisho, programu ya marejeleo itakujazia "et al." katikati ya Kiswahili chako. Badilisha moja moja kwa mkono. Ukishamaliza, usibonyeze kitufe cha kusasisha. Utakibonyeza, saa sita usiku, kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi.