Malkia wa Bure

Iulize kompyuta maoni yake kuhusu gambiti ya Stafford, haitamung'unya maneno: mweusi amekwisha. Haisemi amebanwa, wala haisemi ana kazi ngumu mbele yake. Amekwisha, na hapo kila upande umetembeza kete mara nne tu. Hiyo ni Stockfish, programu ambayo hata bingwa wa dunia wa sataranji hafikirii kuifunga. Ikisema umekufa, kilichobaki ni kutafuta sanda.

Mweusi huyo ni mimi. Naicheza kila nikipangiwa kete nyeusi na mwenzangu akikubali kupita njia hiyo, mchezo wa dakika tatu kwa kila mtu, nikiwa kibandani kwangu Miono ninakofanya uwakala wa pesa. Sina mpango wa kuacha.

Kwa asiyeijua, inakwenda hivi. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme miraba miwili, nami nafanya vivyo hivyo. Anatoa farasi kumtishia askari wangu. Mtu aliyelelewa vizuri angemlinda askari wake. Mimi natoa farasi nikamtishie wa kwake. Anakula. Hadi hapo bado tuko kwenye ulinzi wa Petrov, kitu cha heshima kabisa ambacho mabingwa wakubwa wamekichezea mataji. Heshima inaishia kwenye hatua inayofuata, maana badala ya kumfukuza farasi mvamizi, namtoa farasi wangu wa pili nampeleka mdomoni mwake. Farasi kwa farasi, tumebadilishana, na hesabu ikifungwa mimi nimepungukiwa askari mmoja bila hata risiti. Nilichopata ni barabara: malkia na maaskofu wangu wote wawili njia zao ziko wazi.

Sasa mweupe anasogeza askari mwingine amlinde yule wa katikati. Mimi namweka askofu amtazame yule askari mnyonge aliye karibu na mfalme wake, asiye na mlinzi ila mfalme mwenyewe. Mweupe anaona farasi wangu kasimama mbele ya malkia, naye anatoa askofu wake kumbana: farasi akitoka, malkia analiwa. Farasi anatoka. Tena anatoka kwa kumla askari wa katikati. Malkia huyo pale, mzima, hana mlinzi wa maana, bure. Mweupe anamla. Askofu wangu anamla yule askari mnyonge, cheki. Mfalme ana mraba mmoja tu wa kukimbilia, anaukimbilia. Askofu wa pili anatokeza upande wa pili na habari imekwisha. Hatua nane. Mtu amefungwa akiwa bado anashangilia malkia.

Aliyeieneza gambiti hii kwa watu wa kawaida ni Eric Rosen, Mmarekani mwenye hadhi ya bingwa wa kimataifa, kwenye mwaka 2020 hivi, dunia ilipojifungia ndani na watu wakahamia sataranji ya mtandaoni. Mzaha wake ulikuwa kujifanya kampoteza malkia kwa bahati mbaya, aombolezeomboleze kidogo, kisha afunge. Lakini biashara ya mitego ni ya zamani. Gioachino Greco, Mtaliano wa Calabria, katika karne ya 17 alizunguka Ulaya akiwauzia matajiri madaftari yaliyojaa michezo ya namna hii, watu wanatoa kete kama wamerogwa halafu wanashinda. Nampa heshima zake. Sijui mtu mwingine aliyewahi kuishi mjini kwa kuuza mitego na wanunuzi wakamshukuru.

Wanaopinga wana ushahidi wao. Mwaka 2005 Hikaru Nakamura, kijana mwenye kipaji na mdomo wa kutosha, alimtoa malkia kwenye hatua yake ya pili tu dhidi ya Krishnan Sasikiran wa India, kwenye mashindano ya kweli yenye saa ndefu. Akafungwa. Upande wetu nasi tuna shahidi: mwaka 1980 Tony Miles wa Uingereza alimjibu Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wa wakati huo, kwa kusogeza askari wa pembeni mraba mmoja, hatua ambayo ukiifanya mbele ya mwalimu anaweza kukurudishia ada. Miles akashinda. Kesi bado inaendelea.

Nimeitazama pia filamu ya Queen of Katwe, ile ya 2016, na sikuona mahali Robert Katende anapowafundisha watoto wa Katwe kumtupa malkia ili mtu aingie tamaa. Mwanafunzi wake Phiona Mutesi alikwenda Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012 akarudi na cheo. Changu kinapanda asubuhi, na kabla ya adhuhuri kimesharudi kilikotoka.

Sababu yangu ya kung'ang'ania ni hii. Hapa Miono mchezo wa kweli ni drafti. Nenda chini ya mwembe karibu na soko jioni yoyote, utakuta ubao uliochorwa kwa mkono na vizibo vya soda, upande mmoja vimelala na upande mwingine vimefunuliwa. Wanaocheza ni wawili. Wanaoongea ni kumi na tano. Mchezaji asiye na tambo hahesabiwi mchezaji: lazima umwambie mwenzako kwamba amekwisha kabla hajakwisha, umuulize kama kwao wanajua yuko wapi, umshauri aende kulima ufuta aachane na mambo ya watu wenye akili. Nusu ya ushindi iko mdomoni. Mtu mwenye kete nzuri hutetemeka akaharibu kwa sababu tu jirani yake amecheka vibaya.

Halafu unahamia kwenye simu, unapangiwa mtu mwenye bendera ya Argentina, na kimya kimetanda. Hasikii. Hajui kwamba nimeguna. Hajui kwamba nimemwambia kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuja kutoa elfu kumi, kwamba leo anakufa. Tambo lote linaishia kibandani na kumtisha mteja. Kwa hiyo niliyobakiwa nayo ni Stafford: ni njia pekee ya kumrushia maneno mtu wa Buenos Aires bila kujua Kihispania. Ninapomsogezea farasi wa pili aliwe, nimemuuliza kama kwao wanajua yuko wapi.

Sasa, uwakala na mchezo wa dakika tatu ni wake wenza. Mteja haji wakati natafuta mpinzani. Anakuja malkia akiwa hewani. Siku moja mama mmoja alikuja kuweka pesa za mwanawe aliye shule ya bweni, amezifunga kwenye ncha ya kanga, noti ndogondogo na sarafu, na kila ninapomaliza kuhesabu anakumbuka nyingine kwenye ncha ya pili. Upande wa pili wa dunia kuna jamaa anaangalia ubao: farasi wangu amebanwa, mimi kimya, saa yangu inayeyuka. Akaamini nimepata mshtuko. Nilipomalizana na mama, nikamuaga vizuri, nikarudi na sekunde za kuokota, nikatoa farasi. Jamaa alimmeza malkia kabla hata kidole changu hakijainuka kwenye kioo. Sijapata kuandaa chambo kizuri namna ile kwa makusudi.

Siku nyingine mambo yalikwenda kinyume, na hapa ndipo imani yangu ilipokomaa. Nilikuwa nakula muhogo wa kukaanga na chachandu, mkono mmoja mhogoni, mwingine mchezoni, halafu mikono ikasahau zamu. Kidole chenye mafuta kikateleza, malkia wangu akaenda kusimama mraba mmoja kabla ya pale nilipomtuma, mbele kabisa ya ngome ya adui. Hapakuwa na mtego. Hapakuwa na mpango. Palikuwa na chachandu. Lakini mwenzangu alikuwa ameshaona farasi wangu wa pili akijitoa mhanga bila sababu, akajua anacheza na mtu wa hila. Akakaa. Nikamwona saa yake inakwenda: dakika ikakatika, akaendelea kukaa, akitafuta mtego ambao haukuwepo. Mwisho akamsogeza mfalme wake pembeni, kwa usalama, akamwacha malkia wangu palepale. Nikamrudisha nyumbani taratibu, nimempangusa mafuta. Niambie, nani mwingine angesamehewa kosa kama lile? Mtu wa ulinzi wa heshima angeliwa malkia na kuandikiwa pole.

Zipo siku ambazo hakuna gambiti wala chachandu ya kukuokoa. Bando linaisha bila kuaga. Mvua ikinyesha kwa upande wa Saadani, mtandao hapa unachuchumaa, na ile duara ndogo inazunguka juu ya ubao huku askofu wako wa pili amebakiza hatua moja tu kutokeza. Unanyanyua simu juu, unatoka nje ya kibanda, unazunguka mwarobaini ukiwa umeinua mkono, wapita njia wanakuamkia kwa wasiwasi. Ukirudi hewani unakuta mwenzako ameshadai ushindi wake na kwenda zake.

Na ipo siku ya shangazi. Shangazi yangu yuko Mandera, pale barabara kuu ya Chalinze na Segera, na ana karama ya kupiga simu mfalme wa mtu akiwa amebakiza mraba mmoja. Picha yake ikafunika ubao mzima. Kukata simu ya shangazi ni jambo ambalo ukoo utalijadili msibani. Nikapokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimetoka kubeba mzigo, shangazi."

"Mzigo gani? Hebu pumzika kwanza, nakusubiri."

Akanisubiri. Akanisubiri vizuri sana, kwa upendo, hadi saa yangu ikaisha yote. Alikuwa anaulizia bei ya ufuta.

Aliyenitikisa kweli ni fundi baiskeli. Mzee huyu ndiye mwamba wa drafti chini ya ule mwembe. Anacheza huku akiziba pancha na hajawahi kuonekana akifikiri. Alikuja kibandani kununua vocha, akaniona nimeduwaa kwenye simu, akainama kuangalia.

"Huyu mkubwa hapa mbona umemwacha aliwe?"

"Nimemlisha, mzee. Akimla tu, namfunga."

"Ahaa. Kama kwenye drafti." Akatabasamu, akaona nimekua. "Na kwenye huu mchezo wenu, kula ni lazima?"

Hapo nilinyamaza kidogo. Kwenye drafti kula ni lazima; ukilishwa huna ujanja, unakula huku unajua unakokwenda. Kwenye bao la Kiswahili, lile lenye mashimo 32 na kete 64, nako ni hivyo hivyo: ukiwa na mtaji unakula, kutakata ni kwa asiye na cha kula. Michezo yetu yote miwili imeifanya tamaa kuwa sheria, ndiyo maana kulisha ni ufundi halali unaosomewa miaka.

"Si lazima, mzee," nikasema.

"Si lazima."

"Ndiyo."

"Sasa kama si lazima, kwa nini ale?"

Nikamweleza kuhusu dakika tatu, kuhusu saa inayokimbia, kuhusu mtu wa Argentina na roho yake. Alisikiliza kwa adabu kama anasikiliza mteja anayeeleza kwamba pancha ilijitokeza yenyewe. Kisha akasema nimfundishe kete zinavyotembea. Alizishika upesi, isipokuwa farasi, ambaye alimwona ana tabia mbaya. Tukacheza hapohapo kwenye simu moja, tukipeana. Nikampa kete nyeupe makusudi, nikaipanga Stafford yangu hadi mahali pa kula askari wa kwanza.

Hakula. Akamsogeza askari mmoja wa pembeni, akasubiri. Nikamtolea farasi wa pili. Hakushtuka. Nikamsogezea kitu kingine. Akakitazama, akanitazama mimi, akafunga kifungo cha shati lake na kusogeza askari mwingine wa pembeni. Hakuna aliyekuwa amekula wala kuliwa, kete zote ziko ubaoni, mchezo sawasawa kabisa, na mimi nikajikuta mahali ambapo sina uzoefu napo: kwenye sataranji ya halali. Sikujua pa kwenda. Nikaanza kushambulia mwenyewe, nikavuka mstari, naye akaanza kuokota nilivyoviacha nyuma, kimoja kimoja, akiuliza kila mara, "Hiki nacho kina mtego?" Hakikuwa na mtego.

Nilijua dawa yake ni saa. Nikamfungulia akaunti Lichess, ile ya bure isiyo na matangazo, aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, nikampangia dakika tatu na mtu wa mbali. Mzee akaweka koleo chini, akafuta mkono wa mafuta kwenye suruali, akaanza. Alicheza kama anavyocheza mwembeni: hatua moja, maneno kumi. Akamwambia yule mtu wa mbali kwamba amekwisha. Akamuuliza kama kwao wanajua yuko wapi. Akasimama kuitikia salamu ya mzee mwenzake aliyepita na baiskeli isiyo na breki, wakauliziana hali za nyumbani moja baada ya nyingine. Akarudi, akala farasi, akala ngome, akapata na malkia wa pili. Kwenye ubao mwenzake alibaki na mfalme na askari watatu waliokata tamaa.

Kisha kioo kikaandika kwamba amefungwa kwa muda.

"Nini hii?"

"Saa yako imeisha, mzee. Ameshinda yeye."

"Ameshinda na kete zipi?"

"Hana kete, mzee. Ni saa."

Akaiangalia simu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimejificha huko, akanirudishia.

"Mpigie," akasema, akiokota koleo lake. "Mwambie arudi hapa, bado hatujamaliza."