Sifa za Mlinzi wa Banda Lisilouza Kitu

Katika kazi zote ambazo binadamu huzifanya akiwa amesimama, hakuna iliyonyimwa heshima yake kama ile ya kulinda banda la programu huria kwenye maonyesho, yaani banda la programu za kompyuta ambazo leseni zake humruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa bila kuomba idhini. Askari lindoni hutarajia nishani na mchuuzi hutarajia faida, ilhali mlinzi huyu hutarajia miguu kuvimba, na hakosi.

Kabiruini, uwanja wa maonyesho ya kilimo ulio karibu na mji wa Nyeri, ndipo mahali pa kuupima utukufu huo. Likiwekwa kati ya trekta linalonguruma na fahali aliyevishwa utepe wa ushindi, banda la namna hii hujikuta likishindana na vitu vinavyoonekana kwa macho, nalo halina cha kushikika wala cha bei. Mkulima aliyetoka Gatitu, ambaye huuliza bei kabla salamu hazijaisha, akielezwa kwamba LibreOffice, mkusanyo wa programu za kuandikia na kupigia hesabu uliozaliwa mwaka 2010 watunzi walipojitenga na OpenOffice, haiuzwi, hurudi nyuma hatua moja, hulikagua bango, kisha huuliza ni nani basi anayelipa. Swali hilo ni zito kuliko mengi yanayojibiwa kwa tasnifu, na mlinzi hulijibu tangu asubuhi hadi jioni kwa sauti iliyokauka: hulipa wanaochanga, wanaojitolea, na kampuni zinazouza huduma ya kuwasaidia watumiaji. Kuhusu msimbo chanzo, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta la kufanya, mkulima wa kahawa hahitaji mhadhara, kwa kuwa hata kiwandani hakubali kilo zake ziandikwe kabla hajaisoma mizani mwenyewe. Kinachomshinda ni kuelewa kwamba Ushahidi, programu huria iliyobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa 2008 ili kuonyesha kwenye ramani taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ilifika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010. Hapo huuliza, kwa huruma ya kweli, iwapo vijana hao walipata japo kipande cha shamba.

Wapo pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wanaotafuta nafasi za mafunzo kazini, na watoto wa shule wanaozibeba stika zote kwa zamu mbili. Walio wengi, hata hivyo, hufuata soketi ili wachaji simu, na hakuna hotuba juu ya uhuru wa programu iliyowahi kuvuta umati kama waya wa umeme wenye matundu manne.

Fahari halisi ya kazi hii, ambayo wasifiaji wa trekta hawaijui, huonekana pale mama mfugaji anapotaka kuonyeshwa faida badala ya kuhubiriwa. Mlinzi hufungua jedwali, huandika safu ya lita za asubuhi na ya lita za jioni, na hujumlisha kwa majivuno. Mama huinama, hulitazama, kisha huuliza maziwa ya ndama yameandikwa wapi, na yale ya chai ya nyumbani je. Watunzi wa programu, ambao wengi wao hawajawahi kumwona mtumiaji uso kwa uso, wangehitaji miezi ya vikao kulifikia swali hilo. Mjini Brussels, kwenye mkutano wa kila mwaka wa FOSDEM, watunzi hulinda meza zao wenyewe, lakini wanaowajia ni watunzi wenzao, na ndama hatajwi.

Mlinzi huongeza safu mbili. Huziongeza peke yake, kwa kuwa mwenzake wa zamu ya saa saba alikwenda kununua nyama choma, na saa kumi imeshapita.