Namna ya Kuhudhuria Jioni ya Vitabu Bujumbura Bila Kuiua

Bujumbura haijawahi kupungukiwa na wasemaji. Kwenye sherehe ya mahari, kinywaji hakifunguliwi mpaka wazee wa pande mbili watupiane maneno wakatosheka. Kwenye jioni ya kitabu wanaoadimika ni wasikilizaji. Wanaofika ni wachache, na katika hao wachache wapo wanaokuja na hotuba mfukoni. Mwandishi amekesha na kitabu chake, mwenye duka amekodi viti, halafu jioni nzima inaliwa na salamu, shukrani na mzee mmoja anayetaka kusimulia alivyosoma Ubelgiji.

Mwongozo huu umeandikwa ili kuziokoa jioni hizo. Kila kanuni iliyomo inatekelezeka, na wanaozivunja tunawajua kwa sura.

Kwa nini tukazane? Kwa sababu maduka ya vitabu mjini kwetu yanahesabika kwa vidole. Riwaya iliyochapwa Paris, ikishalipiwa usafiri na fedha za kigeni, bei yake humfanya mwalimu aifungue, asome ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha airudishe rafuni. Kwa wengi wetu, jioni ya usomaji ndiyo siku pekee tutakayokutana na kitabu hicho. Watu wakitoka wamechoshwa na hotuba, kitabu kimezikwa. Wakitoka wanabishana kama mhusika alikosea au alionewa, kitabu kimeanza kutembea.

Roland Rugero alilielewa jambo hili. Mwandishi huyu, aliyezaliwa mwaka 1986 na kuchapisha riwaya ya Baho! mwaka 2012, ni mmoja wa walioanzisha Samandari, kikao cha fasihi kilichokutana kila wiki hapa Bujumbura. Alishiriki pia kuanzisha tuzo ya hadithi fupi za Kifaransa yenye jina la Michel Kayoya, padri na mshairi aliyeuawa mwaka 1972. Mwaka 2016 Baho! ikatoka kwa Kiingereza, riwaya ya kwanza ya Burundi kutafsiriwa katika lugha hiyo. Fasihi ya mji huu ilipata pa kukaa kwa sababu watu walikubali kukaa wakasikilizana. Na kusikiliza kuna adabu zake.

Kanuni ya kwanza: fika kabla ya salamu

Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni. Wewe unajiambia kwamba hawataanza kwa wakati, jirani yako anajiambia vivyo hivyo, na mwandishi anabaki peke yake na mwenye duka wakihesabu viti. Mtu wa kwanza kufika saa kumi na mbili kamili ndiye anayeianzisha jioni. Uwe wewe.

Panga safari mapema. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya mji, na mafuta yakiadimika foleni ya basi inaweza kukumaliza kabla hujasikia sentensi ya kwanza. Kama unatoka Bwiza, Buyenzi au Nyakabiga, njoo kwa miguu na mwenzako. Kama unatoka Kamenge au Kanyosha, tafuta watatu wa kuchangia teksi, nao pia wataongeza viti vilivyojaa.

Ukichelewa, ingia kimya ukae nyuma. Tunajua umelelewa vizuri na kwamba kumpita mtu bila kumpa mkono ni utovu wa adabu. Lakini mwandishi akiwa katikati ya kilio cha mhusika wake, wewe ukapita mstari mzima ukiuliza habari za watoto, umevunja adabu iliyo kubwa zaidi. Mikono itapeanwa baadaye.

Kanuni ya pili: jaza viti vya mbele

Viti vya mbele huachwa kwa ajili ya wakubwa, na mara nyingi wakubwa hawaji. Matokeo yake mwandishi anasomea mito ya viti, huku wapenzi wa vitabu wamejibana ukutani kama wanasubiri kuitwa na daktari. Muda ukifika na mkubwa hajafika, kaa pale. Akifika, mpishe kwa heshima.

Kukaa mbele kunampa mwandishi uso wa kusomea, nawe kunakupa kazi ya kufanya. Sisi tumelelewa na fasihi inayodai jibu. Kwa Kirundi mtega kitendawili husema "Sokwe!" na asipoitikiwa "Niruze!" haendelei. Kwa Kiswahili ni "Kitendawili!" na "Tega!" Mtu anayesoma mbele yako naye anasubiri kuitikiwa: cheka panapochekesha, guna panapouma, inua macho. Na tusisingizie kwamba Warundi hawana subira ya kusikiliza hadithi. Tangu mwaka 1997 familia zilikaa karibu na redio kufuatilia Umubanyi niwe muryango, mchezo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuhusu majirani wanaojifunza kuishi pamoja, tena vita vikiendelea nje ya mlango. Sikio tunalo, tulilete tu ukumbini.

Kanuni ya tatu, kwa mwandishi: dakika kumi, kisha funga kitabu

Ndugu mwandishi, tunakupenda, ndiyo maana tunakuomba usome kidogo. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano ni karamu. Ukurasa wa arobaini ukiusoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, hata mama yako ataangalia saa.

Usianze na dibaji, wala orodha ya waliokusaidia, wala maelezo marefu ya ulivyoipata fikra hiyo. Chagua sehemu yenye watu wawili wanaotaka vitu tofauti: mama na binti wanaogombania simu, kijana na polisi kwenye kizuizi. Isome nyumbani kwa sauti, uone ni wapi pumzi inakatika. Weka alama kwa penseli mahali pa kuanzia na pa kuachia, kisha achia pale msikilizaji anapotaka kuuliza "Halafu?" Hiyo "halafu" imo ndani ya kitabu, na kitabu kiko mezani.

Usiombe radhi kwa sababu watu ni saba. Hao saba wamepita foleni ya basi kwa ajili yako, nao watapeleka habari majumbani saba. Wasomee kwa moyo ule ule ambao ungewasomea nao mia.

Kanuni ya nne: swali liwe na alama ya kuuliza

Hapa ndipo jioni nyingi zinapofia. Mikono inainuka, kipaza sauti kinapita, na anasimama bwana mmoja aliyejiandaa. Anaushukuru uongozi wa duka, anamshukuru mwandishi, anawashukuru waliohudhuria kwa niaba yao wenyewe. Anasema, "Mimi sina swali, nina nyongeza." Nyongeza ina vipengele vitatu. Kipengele cha pili kina historia ya elimu tangu enzi za Wabelgiji. Akiketi, kina dada wawili waliokuwa na maswali wamekwishaondoka kuwahi basi.

Dawa yake ipo. Kabla hujainua mkono, andika swali lako kwenye kipande cha karatasi. Likizidi mistari miwili, likate. Kama halina alama ya kuuliza, liweke umwambie mwandishi mkiwa mnakunywa Fanta. Msimamizi naye awe na ujasiri wa kusema, "Mzee, tunashukuru, swali tafadhali," na ukumbi umuunge mkono. Swali la kwanza apewe kijana au mwanamke, kwa sababu akianza mzee mwenye cheo wengine hujiona hawana la kusema.

Uliza kuhusu kitabu. Kwa nini bibi hakumjibu mkwewe? Kwa nini sura ya tano imeandikwa kwa wakati uliopo? Usimuulize mwandishi kama yaliyomo yalimpata yeye. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

Kanuni ya tano: simu ibaki mfukoni, isipokuwa umeme ukikatika

Usimrekodi mtu anayesimama kusoma au kuuliza, labda akuruhusu. Mji huu ulipita katika machafuko ya mwaka 2015, vituo vya redio vikachomwa na watu wa kalamu wakatawanyika. Ketty Nivyabandi, mshairi aliyeiwakilisha Burundi kwenye tamasha la ushairi London mwaka 2012, ni mmoja wa walioondoka mwaka ule, na makazi yake yakawa Canada. Anayesema ukumbini amechagua kusema na waliomo ukumbini. Video ya sekunde ishirini, ikikatwa na kusambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp, inaweza kumfikisha mahali ambapo hakukusudia kwenda. Ukitaka watu waamini kwamba wanaweza kusoma walichokiandika kwa kweli, weka simu chini.

Umeme ukikatika, itoe. Ipo namna yake: usimulike usoni, maana msomaji ataona weupe mtupu. Simama nyuma ya bega lake la kushoto, shusha mwanga juu ya ukurasa, na mkono wako ufuate anapogeuza karatasi. Mtu wa pili asimame upande wa kulia kuua kivuli cha vidole. Sauti itatosha bila kipaza sauti kama waliokaa nyuma watasogea mbele, walikotakiwa kukaa tangu mwanzo.

Kanuni ya sita: ingia na Kiswahili chako

Kwa desturi, jioni za vitabu hapa mjini ni za Kifaransa, Kirundi kinaingia kwenye utani, na Kiingereza kinaomba nafasi. Kiswahili kinabaki nje na madereva. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote. Buyenzi na Bwiza ni katika mitaa ya kale kabisa ya mji, na Kiswahili ndicho kinachofungua maduka yake, gereji zake, misikiti yake na ugomvi wake. Mtu anayeweza kusimulia ajali, talaka na mechi ya jana bila kurudia neno hata moja anafika kwenye duka la vitabu na kuwa bubu, kwa sababu amedhani fasihi inavaa tai.

Wewe wa Buyenzi, uliza swali lako kwa Kiswahili. Wewe wa Rohero uliyekisoma shuleni, usimcheke kwa kuwa hajasema kama vitabu vya Dar es Salaam. Na wewe mwenye duka, weka rafu ya Kiswahili mahali panapoonekana. Anza na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021. Msafara wa biashara uliomo, kutoka pwani kwenda bara, utamkumbusha msomaji wa hapa njia ambayo lugha yenyewe iliijia. Ongeza Adam Shafi, ongeza Kezilahabi. Vitabu vyao vinaweza kuletwa kupitia Kigoma: si mbali, na ziwa halijafungwa. Kisha tenga jioni ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iwe ya usomaji wa lugha hiyo peke yake.

Suala la kutoelewana lina njia nyepesi: msomaji asome kwa lugha yake, halafu mtu mmoja aeleze kwa sentensi tatu. Zikizidi hapo, tumepata mhutubu mwingine.

Kanuni ya saba: usiondoke mikono mitupu

Mcheza kwao hutunzwa. Makofi ni mazuri, lakini duka halilipi kodi kwa makofi. Kama unazo, nunua kitabu na usiombe cha bure kwa sababu mlisoma wote shule moja. Kama hazitoshi, ungana na wenzako wawili mnunue nakala moja: mwezi wa kwanza wako, wa pili wake, wa tatu wa mwenzenu. Andikeni majina kwa penseli ndani ya jalada na tarehe ya kurudisha, na kivalisheni karatasi ya kalenda ya mwaka jana ili kiwavumilie.

Kuazimana ni heshima kwa kitabu. Katika Petit pays, riwaya ya Gaël Faye iliyopata Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka 2016, mtoto wa Bujumbura anaanza kusoma kwa sababu bibi mmoja Mgiriki, jirani yake, anamfungulia maktaba yake. Mtaa wako nao unaweza kuwa na bibi wa namna hiyo, hata akiwa na vitabu vinne tu.

Mwenye duka, nawe usituangushe. Bandika bei iliyoandikwa kwa tarakimu, weka chenji, weka ukutani namba ya Lumicash ya kulipia kwa simu, na mtu wa kupokea fedha asiwe yule yule anayegawa soda. Maliza saa mbili kamili usiku ili watu wawahi usafiri. Msikilizaji aliyerudi Kinama kwa miguu usiku hatamsifia mwandishi wako.

Kanuni ya mwisho: safari ijayo, wewe

Mwongozo huu wote unakuandaa kwa kitu kimoja. Ukishakaa mbele, ukasikiliza, ukauliza, ukanunua na kuazimisha, umeshajua zaidi ya unavyodhani. Kachukue kurasa mbili ulizoziandika ukazificha, au barua ya babu, au hadithi uliyosimuliwa gereji. Zisome kwa sauti jikoni mpaka ulimi usikwame. Kabla hujaondoka dukani, mwambie msimamizi akuandike kwenye orodha ya wiki ijayo: dakika kumi, kwa Kiswahili. Nasi tutakuja mapema, kwa sababu tumeshakubaliana.