Joto Lenye Wenyewe

Tanuri la maabara yetu lina tumbo dogo: vikombe vichache vya kauri tu, limeshiba. Lakini kwa miaka mingi liliwatosha watu wa jengo zima. Kazi yake rasmi ni kuunguza udongo. Mkulima wa viazi analeta sampuli, tunaikausha kwa nyuzi 105, tunaipima, kisha tunaichoma kwa nyuzi 550 kwa saa kadhaa. Uzito unaopotea hutudokeza shamba lina mboji kiasi gani. Kazi zake zisizo rasmi hazikuandikwa popote.

Tuko Njombe, ambako Julai mtu hupiga mswaki amevaa koti. Na tanuri lilikuwa linavuja. Matofali yamepasuka, mlango hauzibi; ukizima taa unaona ufito mwekundu umeuzunguka. Juu ya bati lake mhasibu alipasha chapati. Karani alianika soksi za mwanawe. Mzee wa getini alikuja kila asubuhi "kukagua usalama", ukaguzi wenye urefu wa vikombe viwili vya chai.

Uniti za umeme wa Luku zilipoisha katikati ya uchomaji, mkuu wa kitengo akaniita. "Kijana, hilo tanuri lirekebishwe."

Nikachomoa umeme, nikamwita fundi. Alipoinua tofali jipya akanitazama kwa huruma. "Bosi, umepigwa. Hili halina kitu ndani."

Nikamweleza kwamba hicho kitu kisichokuwamo ndicho tulichonunua: tofali limejaa vitundu vya hewa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto upesi. Hakuamini, ila matofali aliyapanga vizuri. Nyuma yake tukazungushia blanketi la nyuzi za kauri. Vumbi lake si la kuvuta, kwa hiyo barakoa na miwani alivaa. Shati la mikono mirefu alilikataa, eti yeye ni fundi, si bwana harusi. Kufika jioni alikuwa anajikuna kana kwamba amelalia upupu.

Koili nayo ilimtia tamaa. Alitaka kuinyoosha "kidogo tu, ipendeze". Nikamdaka mkono. Waya ule ukishazoea moto mkali hukauka ukawa mwepesi kuvunjika. Ukiukunja ukiwa baridi, umenunua mwingine.

Kisha tukawasha polepole, tukianzia nyuzi 110, kwa sababu unyevu ukigeuka mvuke ghafla hulipasua tofali. Kuona taa inawaka, mhasibu akaja mbio na chapati zake.

Zilirudi baridi. Hata tulipofika 550, bati la nje lilikuwa vuguvugu tu. Soksi zikashinda mbichi. Mzee wa getini akaweka kiganja juu ya bati, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hiki chombo kimekufa."

"Shikamoo, mzee. Kimepona."

"Marahaba. Kimepona kwako."

Wiki ile mkuu alinipongeza kikaoni kwa kuokoa umeme. Wajumbe walipiga makofi wakiwa wamekaa, kwani kila mmoja alikuwa na hita mpya miguuni na hakutaka kuiacha. Waya zilipita chini ya meza hadi ukutani, ya mkuu ikiwa imetangulia.

Mwezi haukuisha, uniti zikaisha. Nikaitwa tena ofisini, kulikokuwa na joto zuri kuliko maabara.

"Kijana," akasema mkuu, akiisogeza hita yake karibu zaidi, "hebu kaliangalie lile tanuri. Nadhani bado linavuja."