Kubomoa au Kukarabati: Mwongozo wa Linux Iliyozeeka

Panda matatu ya 46 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, keti kando ya dirisha, na ukifika Hurlingham uanze kutazama nje. Palipokuwa na nyumba ya chini yenye paa la vigae na bustani, leo kuna uzio wa mabati na ghorofa inayopanda. Wenye ploti wa huku Kilimani wameshajibu swali letu: bomoa, jenga upya. Endelea hadi Kawangware uone jibu la pili: nyumba ileile ya mabati, mwaka huu imeongezwa chumba, mwaka jana iliongezwa kibaraza, na anayejua ukuta wa kwanza uko wapi ni mwenyewe tu. Mwenye Linux iliyozeeka hana budi kuchagua mojawapo ya majibu hayo, na achague kabla hajagusa kibodi.

Anza kwa kujua umri wa mgonjwa. Fungua terminali, andika lsb_release -a, usome namba. Matoleo ya Ubuntu ya LTS, yaani yenye matunzo ya muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hupewa matunzo ya kawaida kwa miaka 5. Toleo la 16.04 lilitoka mwaka 2016, na matunzo hayo yakakoma Aprili 2021. La 20.04 liliachwa Mei 2025. Tangu hapo tundu la usalama likigunduliwa hubaki wazi kama mlango usio na komeo. Ipo huduma ya Ubuntu Pro inayoongeza muda huo hadi miaka 10, bure kwa mashine 5. Lakini mama mwenye saiba, duka la intaneti, ninayemsaidia kule Kawangware ana mashine sita, zote za mtumba kutoka Uingereza, zote za 16.04.

"Kijana wangu," aliniambia, "si ubonyeze tu hapo penye kuboresha, ifanye kazi yenyewe?"

Nilibonyeza. Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu ngazi, nawe hesabu kabla hujabonyeza: Ubuntu hairuhusu kuruka LTS. Kutoka 16.04 unapita 18.04, kisha 20.04, kisha 22.04, ndipo uione 24.04. Ngazi nne kwa mashine sita ni ngazi 24, na kila ngazi kwa kawaida hupakua zaidi ya GB 1. Kusakinisha upya kunataka faili moja la karibu GB 6, lipakuliwe mara moja, liwekwe kwenye flashi, lizunguke mashine zote. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naliamini onyo hilo kwa dhati, ila kwenye kompyuta zikifika nyufa nne, ukuta mpya ndio ulio nafuu.

Tukiwa bado ngazi ya kwanza, stima ikapotea. Ikikupata hiyo, usikimbilie kufuta kila kitu. Stima ikirudi, washa mashine uingie hali ya uokoaji kwenye menyu ya kuwashia, kisha uandike dpkg --configure -a, halafu apt -f install. Amri hizo mbili humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu. Mashine yetu ilisimama tena, lakini usiku ulikuwa umekwisha.

Mashine ya tano ilikuwa na lake. Andika uname -m: ukijibiwa i686, mfumo wako ni wa biti 32, na ngazi za Ubuntu zinakomea 18.04. Hakuna amri ya kuugeuza uwe wa biti 64 kwa usalama. Ila tazama pia lscpu, kwa kuwa mara nyingi prosesa yenyewe ni ya biti 64 na aliyesakinisha zamani ndiye aliyechagua faili dogo. Basi hapo mjadala umeisha, jenga upya.

Kusasisha nako kuna mahali pake, na ni pazuri. Ukiwa nyuma toleo moja tu, mfumo ukiwa hauna hazina za programu za kuokoteza huku na huku, panda ngazi. Seva ya Debian 12, ya Juni 2023, huenda Debian 13, ya Agosti 2025, kwa njia iliyoandikwa hatua kwa hatua katika maelezo ya toleo. Yasome yote. Wanaojitolea kuunda Debian huyaandika kwa uangalifu mkubwa.

Kama umeamua kubomoa, orodhesha vya kuokoa. Nakili /home yote pamoja na faili zilizofichika, maana funguo za .ssh zimo humo. Nakili /etc kwa ajili ya mipangilio ya printa. Hifadhidata usiichukue kama makabrasha: itoe kwa pg_dump au mysqldump wakati mfumo wa zamani ungali hai. Bora zaidi, nunua SSD mpya barabara ya Luthuli, usakinishe humo, na diski ya zamani uichomoe nzima bila kuigusa.

Nilikuwa nikiorodhesha hivyo nilipofungua kabrasha la Downloads kwenye mashine ya kwanza. Nakala za vitambulisho, mbele na nyuma. Vyeti vya PIN vya KRA, mamlaka ya kodi. Barua za mikopo ya masomo ya HELB, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za pasipoti. Miaka ya majirani waliokuja kuchapisha wakaenda zao. Mama alinyamaza kitambo, kisha akakaa chini. Kama tungesasisha, mizigo yote hiyo ingepanda ngazi nne pamoja nasi, kwa sababu kusasisha huhifadhi kila ulichosahau. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zisikae kupita haja yake, lakini hata kusingekuwa na sheria, hawa ni watu anaokutana nao sokoni.

Kwa hiyo naongeza agizo ambalo miongozo mingi ya mafundi huliruka. Diski ya zamani ikae kwenye droo yenye kufuli mwezi mmoja, ili kilichosahaulika kipatikane, kisha iandikwe juu yote kwa amri ya shred. Kufomati tu hakutoshi. Na kwenye mfumo mpya wateja wawe na akaunti yao, yenye kabrasha linalofutwa kila mashine inapowashwa. Zamani 16.04 ilikuwa na akaunti ya mgeni iliyojisafisha, ila Ubuntu ya kawaida haina tena tangu 17.10, kwa hiyo hati fupi ya kufuta utaiandika mwenyewe.

Na tarehe: saiba isiguswe wiki ya mwisho ya Juni, wakati wa foleni ya ritani za KRA, ambazo mwisho wake ni tarehe 30. Sisi tulifanya Jumamosi moja usiku, mwezi wa Agosti, Mama akiwa na daftari, akiweka tiki kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu asubuhi alikuja kijana mmoja akiwa na haraka. "Shikamoo Mama. Ile kopi ya kitambulisho changu ya mwaka jana, si bado iko humo?"

"Marahaba. Haiko tena," Mama akamjibu. "Nipe chenyewe tukipige skani, na ukimaliza uhakikishe tumefuta."