Kumwaga Oili kwa Maana Zote

Mafundi wetu wana msemo mmoja wa hatari: kumwaga oili. Ukimwambia fundi "nataka kumwaga oili" anaelewa kwamba ya zamani itoke, mpya iingie, filta ibadilishwe, mikono inawiwe kwa sabuni ya unga, ulipe, uende zako. Mimi katika yote hayo nilielewa neno la kwanza tu.

Trekta lenyewe ni dogo, la bustani, la kukalia, lenye visu tumboni vya kukatia nyasi. Nililipata mnadani Arusha, pamoja na ngazi ya bati na kabati lisilo na funguo, vitu vya Mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Kiwanja changu Usa River kina nyasi nyingi kuliko faida, na kwa miaka mingi alikuwa anakuja kijana mmoja na kwanja lake, anamaliza kwa siku mbili. Nilipomwonyesha trekta alilizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akauliza, "Linakula nini, mzee?" Petroli, nikamjibu. "Na likiugua?"

Nikacheka. Kwanja haliugui, ni kweli, ila mtu hawezi kukaa juu ya kwanja akavaa kofia ya pama.

Liliugua mwezi wa tatu. Likifika kwenye kile kimwinuko cha karibu na migomba linapunguza mwendo, linalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya dumu, halafu linasimama kabisa, injini ikiendelea kunguruma kana kwamba mambo hayo hayaihusu. Nikaenda kwenye kitabu chake, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimenunua mnyama nisiyemfahamu. Halina klachi wala gia za kuhesabu. Lina kitu kinaitwa haidrostatiki: injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwa nguvu hadi kwenye mota, na mota ndiyo inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga pedali, unachobadilisha ni mwinamo wa kisahani kilichomo ndani ya pampu. Maana yake oili ya humo si ya kulainisha tu, ndiyo inayobeba mwendo wenyewe. Ikichakaa, au ikichanganyika na hewa, una kiti cha bei ghali katikati ya nyasi.

Kitabu kiliagiza ibadilishwe baada ya saa 50 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 200. Saa ya trekta ilikuwa inasoma 612. Filta ilikuwa bado na rangi ya kiwandani.

Fundi alitaka shilingi 80,000 za mkono tu. "Kuna kufungua na kufunga, mzee," akanieleza. Nikamwambia kufungua na kufunga hata mlango nafungua na kufunga kila siku, silipwi. Akanitazama kwa huruma, akarudi chini ya Hiace yake.

Filta niliiagiza, ikachukua wiki tano. Oili nayo karibu nigombane. Muuza duka alishikilia nichukue ile nzito ya gia, namba 90, kwa hoja kwamba giaboksi ni giaboksi. Kitabu kilitaka 20W-50, ambayo yeye aliijua kama ya injini. Nikashinda mimi, na nilirudi nyumbani na dumu langu nikiwa nimevimba kichwa. Huo ndio ushindi wangu pekee katika habari hii, ndiyo maana nimeutaja.

Jumamosi asubuhi nikaliwasha dakika chache oili ipate joto itoke vizuri, nikainua nyuma kwa jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini. Mafundi hukata dumu ubavuni wakalifanya chombo cha kukingia. Mimi nilichukua kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa beseni la bluu lililoanikwa kwenye kamba ya nguo. Spana ya 17 ikakubali mara moja. Bolti ikalegea, ikazunguka, ikaniponyoka, ikazama kwenye beseni pamoja na lita nne na ushee za oili ya moto yenye rangi ya kahawa iliyosahaulika jikoni. Mkono wa shati uliingia kuitafuta. Sikuwa na haja ya kuharakisha, lakini nani huangusha kitu kwenye oili akatafakari kwanza?

Nikairudisha bolti, nikakaza, nikajipongeza. Kisha nikaenda kufungua kifuniko cha juu, cha kujazia.

Hakikufunguka.

Kila fundi mwenye akili, na sasa na mimi nimo, huanza na kifuniko cha kujazia ndipo aguse bolti ya kumwagia. Ukikosa pa kuingizia, ya zamani ingali ndani, trekta linatembea. Mimi nilikuwa na trekta tupu kabisa, lisiloweza hata kujikokota hadi kwa fundi, na kifuniko kilichoganda kwa matope ya misimu yote ya mvua. Nilikipigia nyundo, nikakimwagia mafuta ya taa, nikakisemesha. Kilitoka saa saba mchana, nusu yake.

Nyusi za mke wangu zilikuwa zimeanza kupanda kila alipopita. Hakuuliza lolote. Alikuwa bado hajatazama chini ya trekta.

Filta ilikataa mkono, ikakataa kitambaa, ikakataa mnyororo wa baiskeli niliouzungusha nikakaza kwa bomba. Nikatumia ile njia ya vijana wa gereji: piga bisibisi itoboe upande huu itokee upande wa pili, uifanye mpini. Bati likachanika kama la sadini. Ilipotoka hatimaye, kipande kwa kipande, nikapaka oili kwenye mpira wa ile mpya, nikaizungusha mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono mtupu. Hapo nilifuata kitabu neno kwa neno. Nikajaza oili, nikawasha injini, na oili mpya ikaniruka miguuni. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umenata juu, na mpira juu ya mpira haushiki. Nikavua ndala, nikaanza upya.

Ilibaki kutoa hewa. Kitabu kilielekeza: magurudumu yakiwa juu, vuta kile kijiti cha nyuma kinachotumika kulisukuma trekta kwa mkono, washa injini, kanyaga pedali taratibu mbele na nyuma mara tano au sita. Kisha rudisha kijiti, urudie. Nikafanya sehemu ya kwanza vizuri mno. Nikaitwa chakula.

Niliporudi nikalishusha, nikapanda, nikavaa pama, nikakanyaga. Injini ilinguruma. Migomba ilibaki pale pale, na mimi pia. Nikakanyaga nyuma. Kimya. Nililala usiku ule nikijua nimeua pampu, nikiwaza bei yake kwa dola.

Jumapili nikameza mate nikampigia fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Halitembei."

Hakucheka, Mungu ambariki. "Ukilizima, linasukumika?"

"Vizuri sana! Hata mtoto anasukuma." Nilisema kwa fahari, nikidhani angalau hilo ni dalili njema.

Kimya kidogo upande wa pili. "Mzee, lile halipaswi kusukumika hivyo. Kuna kijiti nyuma. Kirudishe ndani."

Nikakirudisha. Nikakanyaga. Likapanda kimwinuko bila kulia, likanipitisha chini ya migomba, majani yakaondoka na pama. Nikamtumia fundi 20,000 kwa simu, naye akajibu kwa ujumbe kwamba ile oili chafu nisiitupe, nipake nguzo za banda la kuku, mchwa wataniheshimu.

Ndipo mke wangu alipoitazama hiyo oili chafu, na chombo ilimokuwa. Beseni lile aliletewa na dada yake wa Moshi siku ya kitchen party.

Nguzo zimepakwa, zote kumi na sita. Beseni jipya nimelinunua, la bluu vilevile, kubwa zaidi. Limeandikwa ubavuni kwa rangi ya kucha, nyekundu, herufi kubwa: SI LA OILI.